Barafu ya Mama Raheli

Manjano yalianzia kiti cha kwanza. Mzee Optatus alikuja Jumatatu na macho kama kiini cha yai la kienyeji, wenzake wakamtania kwamba hatimaye amehamia timu ya Yanga. Wiki mbili baadaye Evodia wa kiti cha pili, aliyecheka kuliko wote, akaja na macho yaleyale. Kisha kiti cha tatu. Hapo hakuna aliyetania tena.

Yasinta alikaa kiti cha tano, cha mwisho. Figo zake ziligoma mwaka juzi, na tangu hapo mara tatu kwa wiki alitoka mtaani kwake Kikuyu kuja hospitalini kusafishwa damu. Alichomwomba Mungu ni kimoja tu: amwone mjukuu. Raheli, bintiye wa pekee, alikuwa na mimba ya miezi saba. Sasa Yasinta alikaa akihesabu viti. Mashine zilinguruma, damu ikazunguka kwenye mirija, na kile kitu kikaja kiti kwa kiti, bila haraka, kama mgeni anayesalimia watu kwa zamu.

"Mashine ile ya kwanza ina mwenyewe, na mwenyewe kafa," alisema Sostenes wa kiti cha nne. "Anadai pake. Akishanifikia mimi, Mama Raheli, anayefuata ni wewe."

Yasinta alimcheka. Akafanya alilozoea: akafungua chupa yake, akampa kipande cha barafu.

Jela ya mgonjwa wa figo ni kiu. Maji amepimiwa kwa kikombe, chumvi haramu, na maji ya bomba ya mtaani kwao yalikuwa na chumvi ya kuungia mboga. Ndiyo maana Yasinta alijitafutia maji matamu, ya kisima cha mchangani kule korongoni, akayagandisha vipande vidogo vya kumumunya. Mwanzo viliwatosha yeye na Mzee Optatus, mkubwa wao. Kila alipopata kikopo kingine cha kugandishia, aliongeza kiti. Kutoa ni moyo.

Jumatano Sostenes akaja na manjano. Siku hiyo Daktari Ludovick alisimama mbele yao na majibu ya vipimo.

"Ni homa ya ini, aina ya E. Mara nyingi huletwa na maji yaliyoingiliwa na kinyesi. Kuyagandisha hakusaidii, lazima yachemke. Nyote watano mnayo."

"Mimi sina manjano, baba," Yasinta alisema.

"Wengine hukaa nayo kimya, mama." Macho ya daktari yalitua kwenye chupa yake. "Nyumbani nani mwingine anatumia maji hayo? Hofu yangu kubwa ni wajawazito. Homa hii huwaua upesi."

 Alipofunguliwa tu mashine, Yasinta alipanda bodaboda bila kumuaga mtu.

Nyumbani pazia lilikuwa limeshushwa. Raheli alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya friji, kitu kikigonga meno yake.

"Shikamoo, mama. Usinigombeze, barafu yako nimeimaliza tena. Tangu nipate hii mimba sina hamu na kingine."

"Pazia umeshusha la nini?"

"Jua linaniumiza kichwa tangu jana."

Yasinta alilivuta pazia. Akamshika mwanawe kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga.

"Mama, mbona unanitazama hivyo?"

Macho yalikuwa ya manjano. Siku zote hizo alikuwa akihesabu viti vya hospitali. Kigoda cha nyumbani kwake hakukihesabu.