Orodha ya Mchungaji Aliyehamishwa

Mponda kokoto alisimama wa saba kwenye mstari wa ubatizo, mjukuu mgongoni, vumbi la machimbo limeng'ang'ania kwenye nyufa za visigino. Alikuwa amevisugua tangu alfajiri. Vumbi la miaka kumi na tisa halitoki kwa sabuni ya kipande.

Binti yake, mama wa mtoto huyu, kanisa lilikataa kumzika kwa kuwa hakubatizwa. Bibi aliapa: hilo halitatokea mara mbili.

Mchungaji mpya, Jumapili yake ya kwanza, alibatiza watoto sita. Alipomfikia bibi, mzee wa kanisa akamgusa mchungaji kiwiko.

"Huyu hayumo, Mchungaji."

"Tumo," akasema bibi. "Mchungaji aliyehamishwa alituandika mwenyewe, kulekule machimboni. Watu kumi na mmoja."

"Ile orodha imehama na mwenyewe, mama. Yule alikuwa anaokota kila mtu. Tumekaa kikao, huduma ya machimboni basi. Kanisa si kituo cha basi."

Benchi la mbele likacheka. Mwanamke mmoja akavuta mkoba wake karibu.

"Wenzangu wamesikia kikao chenu wakabaki nyumbani. Mimi miguu ni yangu. Na hili zege unalokanyaga, baba, kokoto zake tuliziponda bure, mkasema ni sadaka. Siku ile hukuuliza orodha."

Kicheko kikakatika.

Mchungaji mpya akamtazama mtoto. Kisha akamtazama mzee wa kanisa, ambaye ufunguo wa nyumba ya mchungaji ulikuwa bado mfukoni mwake.

"Tutalizungumza wiki ijayo, bibi. Ni mambo ya utaratibu."

"Utaratibu haukumzaa huyu. Mbatize."

Mzee wa kanisa aliinua beseni la ubatizo kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akatoka nalo mlango wa pembeni. Watu wakasikia maji yakimwagika kwenye maua. Akarudi, akaliweka mahali pake, akalifuta kwa kitambaa cheupe.

"Maji yamekwisha."

"Nangoja mengine. Mponda mawe humfundishi subira."

Akamfungua mjukuu mgongoni, akamvua kofia, akamshika kichwa wazi juu ya beseni kavu. Kwaya ikaimba wimbo wa kuagana. Benchi baada ya benchi likainuka, watu wakampita wamekusanya nguo zao. Mchungaji mpya alikuwa mlangoni, akipeana mikono. Mlinzi akaanza kufunga madirisha, moja baada ya jingine, akianzia upande aliosimama bibi. Bibi hakumshusha mtoto.