Kichupa cha Shadya

Watu wa mtaani kwake Bagamoyo walimsema Batuli mpaka wakachoka. Mwanamke wa Kiislamu, mtu mzima na ushungi wake, anazunguka hoteli za ufukweni kuokota chupa za pombe! Mwenyewe hakujali. Alizichemsha kwa sabuni, akazivunja, akavipanga vipande juu ya kigae na kuvitia tanurini hadi vikashikana kuwa kioo kimoja cha kutundika dirishani. Jua likipita humo, hata hao wasemaji walisimama kutazama.

Sharti lake lilikuwa moja: usichanganye jamii za chupa. Kila kioo kikipoa hunywea kivyake. Ukilazimisha ndoa, kitatoka tanurini kizima, kitakuchekea, kisha siku isiyo na jina kitapasuka chenyewe.

Basi akaja Vicky kutoka Dar, binti mwenye adabu zake, anayetayarisha maonyesho ya wasanii na kuwarekodi wakieleza kazi zao. Akaamkia, akatazama vioo vyote, akasifu.

“Lakini mama, wewe mwenyewe uko wapi humu? Hamu ya kazi hii unaitoa wapi?”

“Kwenye jalala la hoteli, mwanangu.”

Vicky akacheka, lakini hakuchukua kioo hata kimoja. Alisema atarudi baada ya wiki mbili, na angependa kukuta kazi yenye habari ya maisha yake.

Neno hilo likamwingia Batuli. Habari aliyokuwa nayo ni moja, Shadya, bintiye wa pekee, aliyekufa kwa homa ya siku tatu. Mumewe Shadya alikwisha kuoa mwingine, na mtaani hakuna aliyelitaja tena jina lake. Kilichobaki ni kichupa chake cha mafuta ya udi, cheupe, kidogo kama kidole gumba. Batuli akaona akilini jina la mwanawe limeandikwa ukutani huko Dar, wageni wanalisoma. Akalitaka jambo hilo kwa moyo wote.

Alilijua sharti, nani alijue kuliko yeye? Lakini siku hiyo hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Alichagua chupa nyeupe za pombe kali ili rangi zisigombane, akakiweka kichupa katikati, akawasha moto. Akaacha tanuri lipoe siku mbili nzima. Siku ya tatu alifungua, akakuta kioo kizima, safi, na kichupa kimelala ndani kama mtoto. Alilia kwa furaha, maskini.

Vicky aliporudi, alikitazama kioo kwa muda mrefu. Kisha akasema hiki ndicho kitakachotangulia ukutani. Wakakisimamisha mezani, akawasha simu yake kurekodi.

“Haya mama, tueleze.”

“Nilikuwa na binti,” alianza Batuli. “Akiitwa Shadya. Akipenda kujipaka udi hata akienda kisimani...”

Kioo kikalia ta! Ufa ukakizunguka kichupa, ukakata mpaka ukingoni.

“Usihuzunike, mama,” Vicky alisema taratibu. “Hata ufa una maana yake. Tutakitundika hivyo hivyo.”

Batuli hakumsikia. Alichotaka sasa ni kichupa tu, maonyesho na yaende zake. Akapenyeza kidole ufani akitoe, na kioo chote, pamoja na kichupa, kikammwagikia sakafuni vipande vipande. Akapiga magoti. Alijisifu siku zote kwamba anaijua chupa kwa kuigusa, mtu yeyote ampe kipande, naye amtajie kilikotoka. Akagusa kimoja, akagusa cha pili, mpaka vidole vikavuja damu. Vyote vilikuwa vyeupe, vyote vikali, na moto ulikwisha kuvifanya ndugu. Hakujua kipi cha mwanawe na kipi cha walevi.

Akavua kanga yake, akavizoa vyote, akavifunga pamoja.