Mikono ya Kitanda cha Tisa

Mtihani wa kupima tumbo ulianza saa mbili asubuhi, na Mrudiaji alikuwa wa kumi na tano kuingia. Jina hilo alipewa na wenzake, maana mwaka jana aliangukia pua katika mtihani huu huu. Akianguka tena, chuo kitamfungisha virago. Alisimama upande wa kulia wa kitanda cha tisa, akasugua viganja vipate joto kidogo, kama walivyofundishwa.

Kitandani alilala mama mmoja mwembamba, mwenye bandama lililovimba hadi kitovuni. Alikuwa na mwaka na nusu wodini. Bandama kubwa kiasi kile halipatikani kila siku, na mabingwa walikubaliana kwamba si busara kulitoa kabla wanafunzi hawajalishika vya kutosha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

"Shikamoo, mama. Naomba nikupime tumbo."

"Marahaba, mwanangu. Mwaka jana hukuomba."

Mrudiaji alifunua shuka. Kwanza unatazama, ndipo unashika. Chini ya ngozi ya tumbo ilikuwepo mikono ya wote waliotangulia, imekatikia kwenye vifundo, imelala kifudifudi, mingine juu ya mingine. Mmoja ulikuwa na kucha nyeusi kwa uchafu. Mwingine ulikuwa bado unang'aa mafuta ya chakula. Mkubwa kuliko yote ulivaa saa ya dhahabu, ukibonyeza chini ya mbavu za kushoto bila kupumzika. Kando yake ulikuwepo mdogo, umelowa jasho, una kovu la pasi kwenye kidole gumba. Mrudiaji aliutambua, kwa kuwa kovu lenyewe alikuwa nalo.

Daktari Bingwa alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda na karatasi ya maksi. Saa yake ilikuwa ya dhahabu.

"Umeona nini?"

"Mikono, daktari. Kama arobaini."

"Arobaini na mmoja. Umeusahau ule wa kinenani. Endelea."

Mrudiaji alishika. Anayepapasa tumbo haliangalii, huangalia uso wa mgonjwa; hii ndiyo kanuni iliyomwangusha mwaka jana. Safari hii aliangalia. Mama alikuwa amekunja uso kama mtu anayenusishwa kitu kilichooza, na ameng'ang'ania ukingo wa godoro. Chini ya kiganja cha Mrudiaji vidole visivyo na wenyewe vilijikunyata, vya moto na vinateleza.

"Inauma wapi, mama?"

"Huo wenye saa. Haulali huo."

Bingwa aliandika kitu. "Bandama?"

"Limefika kitovuni."

"Matibabu?"

"Apasuliwe, daktari. Litolewe leo. Likipasuka lenyewe atakufa."

"Sahihi kabisa. Maksi zote."

Mama aliketi. Alivuta mfuko wake uvunguni, akavaa kiatu kimoja, akawa anapapasa kwa mguu kutafuta cha pili.

"Basi nimpigie dada aje," alisema. "Aniletee na nguo safi ya kwendea chumba cha upasuaji."

"Lala, mama," Bingwa alisema kwa upole. "Hilo ni jibu la mtihani tu."

Mama alimgeukia Mrudiaji. Alisubiri amtetee. Mrudiaji alijua la kusema, alikuwa amelisema sasa hivi na kupewa maksi zote. Alifungua mdomo.

"Nimefaulu?" aliuliza.

"Umefaulu."

Alijichukia papo hapo, wala haikumsaidia mtu. Alipolitazama tena tumbo, mkono kama wake ulikuwa umebaki chini ya ngozi, wa arobaini na mbili, umekaa jirani na wa mwaka jana. Bingwa alisahihisha idadi kwenye faili.

"Wa kumi na sita!" aliita.

Mama alilala chali na kiatu kimoja mguuni. Mlango ulipofunguliwa, alijifunua mwenyewe kabla hajaambiwa.