Nilivyomvusha Aikande

Siku hiyo niligombana na kila mtu mwenye koti jeupe. Daktari alikuwa amenieleza kwa upole kwamba moyo wa binti yangu Aikande, mtoto wa miaka mitatu, una tundu, kwamba wapasuaji wageni wapo hospitalini wiki hiyo tu, na kwamba kilichobaki ni neno langu. Mume wangu Ndewario alikwisha kukubali. Mimi nilisema kesho, na kesho yake nikasema kesho. Niliogopa kisu kuliko ugonjwa, kwa sababu ugonjwa nilikuwa nimeuzoea. Mchana, Ndewario alipotoka nje, nilijilaza kando ya mtoto, nikamkumbatia, nikajaribu kusali, maneno yakanikauka, na usingizi ukanichukua nikiwa bado na hasira.

Nikajiona ninatembea, Aikande mikononi, katika nchi ya nyua. Kila boma lilizungushiwa ua wa minyaa, na ndani ya ua huo ukapandwa mwingine, na mwingine tena, hata katikati pakabaki kiwanja chenye giza, cha kutosha vigoda vichache. Langoni alisimama mwanamke aliyeniambia kuwa yeye ndiye Bibi Hofu. Ningetarajia sura ya kutisha, lakini alikuwa nadhifu, kanga zake zimepigwa pasi, na alimjua mwanangu kwa jina. Alinikaribisha kama shangazi, akanifundisha wanavyobeba huko kwake: mtoto kifuani, kwa mikono yote miwili, na macho yasibanduke usoni pake. Nikaketi kati ya akina mama waliobeba vivyo hivyo. Hakuna aliyepika, kwani hakuna aliyebakiwa na mkono wa kushika mwiko, na watoto walikuwa wamepauka kwa kukosa jua. Aikande alipoomba maji, Bibi Hofu alisema yataletwa na mwanawe, aitwaye Kesho. Nikauliza huyo Kesho hufika saa ngapi. Wale akina mama wakainamisha vichwa, nami nikajua hajawahi kufika. Basi nikainuka, nikapenya zile nyua huku utomvu wake ukiniwasha ngozi.

Nje kulikuwa na mto uliojaa maji ya udongo mwekundu, na ng'ambo yake chemchemi safi. Nikaingia. Kwa kuwa nilimbeba mtoto mbele, sikuiona miguu yangu, na sikwenda mbali nikateleza. Mkono mnene ukanidaka kiwiko, ukanirudisha ukingoni. Alikuwa mama mwenye mabega mapana aliyekuwa akifua pale, jina lake Imani, na wala hakunipa pole.

"Mama Aikande, kwenu mtoto akivushwa mto hubebwa wapi?"

"Mgongoni."

"Na akiwa mgongoni unamwona?"

"Simwoni."

"Basi anashikwa na nani?"

Nilitaka kusema ni mimi, lakini mwanamke yeyote aliyelea anajua kwamba mwenye mbeleko hutembea mikono mitupu. Nikakiri kuwa hushikwa na mbeleko, kisha nikalalamika kwamba sina. Imani akasema katika mto ule mbeleko hutolewa na Mwenye mto, naye huifunga mwenyewe. Nikamsogeza mtoto mgongoni. Kutoka nyuma yangu ikaja mikono miwili, ikapitisha kitambaa kifuani pangu, ikakaza fundo. Uso sikuuona. Niliona viganja, na katika kila kiganja kovu la msumari.

"Maji yatapungua?" nikamwuliza Imani.

"Hilo sikuahidi. Ninalojua ni kwamba aliyelifunga hilo fundo anavuka pamoja nawe."

Maji yakafika magotini, kiunoni, kifuani. Aikande akalaza shavu mgongoni pangu, kimya, na nusura nigeuke kumtazama. Katikati ya mto miguu yangu ikakosa ardhi. Nikangoja kuzama. Sikuzama, niliendelea kwenda, taratibu, na ndipo nilipohisi kwamba ile mbeleko haikuishia kwangu. Ilimzunguka mtoto, ikanizunguka na mimi, na ncha zake alizishika Yeye, aliyekuwa majini pamoja nasi.

Nilizinduka jua la alasiri likinipiga usoni. Aikande alikuwa amelala, midomo yake ikiwa na ile rangi ya buluu ya ugonjwa wake, nami nilikuwa nimembana hata mkono wangu ukafa ganzi. Nikautazama mkono ule kwa muda. Miaka mitatu nilikuwa nimeuita ulinzi, kumbe Mungu alimshika mtoto huyu kabla mimi sijamjua, na siku zote hizo alikuwa amenishika hata mimi. Nikamtafuta Ndewario, nikamwomba radhi, tukaenda pamoja kwa daktari.

Asubuhi muuguzi alikuja na kitanda cha magurudumu, akaniuliza kwa sauti ndogo kama niko tayari.

"Bado naogopa," nikamwambia. "Mchukue."

Nikamlaza Aikande kitandani, nikafungua mikono.