Pikipiki ya Mzee Mita

Mama Matangazo, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema siku moja mpwa wa Mzee Mita aliazima pikipiki ya mjomba wake, akaja nayo mbio, kifua mbele kama bwana harusi, na alipofika kwenye geti la zahanati ikazima. Mpwa akapiga kiki mpaka soli ya kiatu ikabanduka. Wapi! Ndipo Mzee Mita mwenyewe akatokea kwa miguu, polepole, mikono mgongoni. Hakugusa plagi, hakugusa waya. Alifungua mfuniko wa tangi, akainama, akanong'ona mle ndani, akafunga. Kiki moja tu, ikanguruma.

"Aliiambia nini?" nikamuuliza.

"Nitajuaje, mwanangu? Mambo ya watu wawili hayo." Akakung'uta sketi ya mtumba aliyokuwa anaipanga kwenye meza yake ya biashara. "Ila nakuambia kama mtoto wangu wa kumzaa, usinunue chombo chenye mwenyewe. Kile kimeshaolewa."

Ushauri ulichelewa. Pikipiki nilikuwa nimeinunua jana yake, na ilikuwa imeegemea ukuta wetu, tairi zote mbili chapati.

Mzee Mita walimwita hivyo kwa kazi yake. Alizunguka miaka thelathini nyumba kwa nyumba akisoma mita za maji, na pikipiki hiyo ndogo ndiyo ilimzungusha. Macho yake yalipoingia ukungu akastaafu, nayo ikakaa bandani mpaka kuku wakaanza kutagia kwenye kiboksi cha nyuma. Siku ya kuniuzia aliipapasa taa, kiti, usukani, kama anayeagana na ng'ombe. Kisha akasema, "Ikikushinda, mjukuu wangu, usiitupe. Nirudishie." Nikaona ni upole wa wazee.

Mimi nilikuwa nafungasha mikate bekari. Bosi alishatutangazia kwamba mashine ya kufungasha inakuja, na sote wanne wa pale mezani tutafute ustaarabu mwingine. Ila alitaka mtu wa kusambaza mikate kwenye maduka ya kule mlimani, mwenye pikipiki yake. Leseni ninayo, niliipata nikijifunzia pikipiki ya shemeji. Nikamwomba kazi hiyo. Akanitazama kuanzia kandambili mpaka kilemba.

"Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi na moja alfajiri. Nataka kuisikia inanguruma getini. Isiponguruma, kuna mtu mwingine anangoja."

Nilikuwa na wiki tano.

Fundi niliyempelekea tunamwita Spana. Alipoiona aliweka chai yake chini ili acheke vizuri.

"Dada, hii ni pikipiki au cherehani?"

"Wewe unatengeneza au unaulizia nguo?"

"Natengeneza, natengeneza. Usiniunguze."

Kazi ilitukalisha kitako. Jumapili ya kwanza tulimimina kokoto na mafuta ya taa ndani ya tangi tukalitikisa, yeye upande huu mimi upande ule, mpaka kutu ikatoka kama uji mwekundu. Jumapili ya pili ilikuwa kabureta. Aliifungua juu ya kitambaa cheupe na akanipa kazi ya kupuliza vitundu vyake kimoja kimoja. Mabati nilisugua mwenyewe kwa msasa, jioni nikitoka kazini, na kila nikisugua rangi moja inatokea rangi nyingine chini yake: kijani, buluu, chini kabisa krimu. Nilipenda kujua ilikuwa nani kabla ya kuwa hii. Mfuniko wa tangi nao niliusugua juu, nikaung'arisha. Chini yake sikutazama. Nani anageuza mfuniko?

Jumapili ya nne ikawaka. Spana akapiga makofi. Nikapanda, nikashika barabara, upepo ukaingia kwenye mikono ya blauzi, na mbele ya geti la zahanati ikakohoa mara mbili ikazima.

Mama Matangazo alikuwa kwenye meza yake, ng'ambo. Aliweka tu mkono shavuni, na hilo lilikuwa baya kuliko kusema.

Niliisukuma mpaka kwa Spana. Akachungulia tangi kama kuna petroli, ipo. Akabadilisha plagi. Ikawaka. "Nilikuambia ni plagi." Kesho yake ikazima palepale. Akachungulia tangi, akasafisha kabureta tena, ikawaka. "Uchafu tu ule." Kesho yake, zahanati. Akachungulia tangi, akakaza waya wa koili. Ikawaka. Ikazima.

"Dada," aliniambia, safari hii bila utani, "mimi nimefika mwisho. Iuze vipuri."

Zilibaki siku tano.

Mimi si mwepesi wa kuchoka. Darasani nilifika la saba tu, lakini mezani kwa mikate nimejifunza kutazama: mkate ulioiva na usioiva inafanana mpaka uikodolee macho. Nikaamua kuitazama pikipiki hivyohivyo. Kwanza nikaelekea upande wa pili, kusiko na zahanati. Ikazima mbele ya shule. Nilipohesabu nguzo za umeme, njia zote mbili zilikuwa na nguzo ishirini na tatu. Kwa hiyo si mahali. Ni umbali. Kisha nikaiwasha uani ikiwa imesimama, nikakaa nayo kwenye kigoda. Hapo ilichukua muda mrefu zaidi, ila mwishowe ikakohoa kikohozi kilekile, kama mtu aliyebanwa koo.

Nikaenda kwa Mama Matangazo.

"Mama, nisimulie tena ile ya mpwa."

"Leo ndiyo unaniamini?"

"Nisimulie polepole. Mzee alinong'ona kwanza au alifungua kwanza?"

"Alifungua, jamani! Utanong'onaje kwenye mfuniko? Alifungua, ikapiga fyuu, ndiyo akainama."

"Nini ilipiga fyuu?"

"Tangi. Ilivuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. Mwili ulinisisimka, nakwambia. Hiyo sehemu sikukuambia siku ile?"

Hakuniambia. Na nikakumbuka kwamba Spana, kabla ya kubadilisha chochote, kila siku alianza kwa kuchungulia tangi.

Nilirudi barabarani. Nguzo ya ishirini na tatu, ikazima. Nikashuka, nikaweka sikio karibu, nikafungua mfuniko. Fyuu. Nikafunga, nikapiga kiki, ikawaka. Sikunong'ona hata neno moja.

Kule bekari madebe ya mafuta tunayatoboa tundu mbili. Ukitoboa moja tu, mafuta yanagomagoma, yanatoka kidogo kisha yanakata, mpaka hewa ipate pa kuingilia. Nikakaa ukingoni mwa barabara nikaugeuza ule mfuniko kwa mara ya kwanza. Katikati yake kwa chini kulikuwa na kitundu kidogo, kimezibwa na kitu cha njano kigumu kama jiwe. Nikachomoa pini kwenye kilemba, nikachokonoa. Kikatoka kizima, mviringo, kama punje ya mahindi. Nikakisugua kwa kidole chenye mate.

Kikatoa povu.

Sabuni ya mche! Mafundi huziba nayo tangi linalovuja, maana petroli haiiyeyushi. Lakini mfuniko hauvuji. Na uchafu haujikati mviringo ukajipachika wenyewe.

Nilimaliza nguzo zote mpaka juu mlimani nikashuka, bila kikohozi. Kazi yangu nilikuwa nimeipata. Ila swali lilikuwa linaniwasha kuliko hata ile furaha, kwa hiyo Jumapili, siku moja kabla ya kwenda getini kwa bosi, nikaiendesha mpaka kwa Mzee Mita.

Alikuwa ameketi barazani. Aligeuza uso kabla sijafika.

"Hiyo ni yangu," akasema. Kisha, "Umetoka nayo kwenu bila kuifungua njiani?"

"Bila kuifungua, babu."

Sikuizima. Nilishuka, nikamwekea punje ya sabuni kiganjani. Akaivingirisha kati ya vidole, akainusa, akacheka mpaka akakohoa.

"Umekaa sana humo, rafiki yangu."

"Ni wewe uliweka?"

"Nani mwingine? Nikipanda mwenyewe naichomoa, wakiazima naipachika. Mpwa anaazima, shemeji anaazima, wenzangu kazini wanaazima. Ukiwanyima, wewe mchoyo, unasemwa mpaka msibani. Lakini pikipiki ikiwanyima, watamsema nani? Wakaiacha wenyewe. Wakasema inanijua."

"Na kunong'ona?"

"Lazima ungoje kidogo hewa iingie. Sasa nitasimama tu? Nilikuwa nawatukana. Mmoja mmoja, kwa jina."

Tulicheka wote. Halafu nikamuuliza lile lililonileta. "Mbona mimi hukuniambia, babu? Mimi sikuazima. Nilinunua."

Akanirudishia ile punje, akaukunja mkono wangu juu yake.

"Nilijua itakushinda," akasema. "Nilijua utanirudishia." Akajisafisha koo. "Itunze hiyo sabuni. Ukianza kupeleka mikate, watakuja kuazima."

Akainuka. Akashuka ngazi ya baraza kwa kuipapasa kwa mguu, akaifuata sauti ya injini. Alinyoosha mkono kushika usukani akaukosa, akashika kioo, akateleza nao taratibu mpaka akaufikia. Vidole vyake vikajipanga kwenye breki vyenyewe, bila kutafuta.

"Mpaka pale kona tu. Nageuza, narudi. Barabara hii naijua kuliko mlango wa chumba changu." Uso wake ulikuwa umeelekea kwangu, lakini macho yalitazama pembeni kidogo ya nilipokuwa nimesimama. "Mjukuu wangu, niazime. Mara moja tu."

Injini ilikuwa inanguruma taratibu kati yetu. Ile punje ya sabuni ilikuwa bado imo kiganjani mwangu, na kwa jasho ilikuwa imeanza kulainika.