Mpunga wa Kwasiba

Twi, twi, twi. Jogoo hajawika bado, Akuba akasikia mchi ukigonga kinu nje, akatabasamu kitandani. Lusi, mkamwana wake aliyeletwa kutoka mjini Paramaribo mwezi uliopita, alikuwa ameamka kumpikia uji.

Akatoka na taa. Alipopita mekoni akatazama juu, akasimama. Mganda wa masuke uliokuwa ukining'inia pale haukuwapo.

"Mwanangu, mpunga huo umeutoa wapi?"

"Hapo juu ya meko, mama. Ulikuwa mweusi kwa moshi, nikaona tuule kabla haujaharibika."

Ile ilikuwa mbegu. Mafuriko yalikuwa yamelichukua shamba, na mganda ule ndio pekee uliobaki wa mpunga aliotoroka nao Kwasiba, bibi wa bibi yake, kutoka shamba la mabwana waliomfanya mtumwa, punje zimesukiwa ndani ya nywele zake. Sasa kinuni mlikuwa na mchele mtupu.

Akuba alipomweleza, Lusi aliangusha mchi. Akuba akaviona viganja vyake: vimejaa malengelenge.

"Basi, tupike. Mchele haurudi kwenye suke. Nawe uliamka gizani kwa ajili yangu."

Walikula, hawakubakiza hata punje. Kisha wakaingia mtumbwini, wakapiga makafi hadi kijiji cha juu ya maporomoko, kwa Yaba, rafiki yake Akuba wa siku nyingi. Miaka hamsini nyuma, mama yake Akuba aliwapa watu wa nyumba ile masuke machache. Kama waliyatunza au waliyala, Akuba hakujua.

"Akuba! Nilisikia umekufa, nikakulilia bure!"

"Yaweke hayo machozi, bado utayahitaji."

Wakacheka. Akuba akaeleza shida yake, lakini hakusema nani aliyetwanga.

"Ni mimi, bibi," Lusi akasema, ameinama.

"Nyamaza, mtoto," Yaba akasema. "Mimi nilimkaangia mama mkwe mbegu yake yote ya karanga. Akala, akaomba nyingine!"

Yaba akaingia ndani, akatoka na mganda mweusi kwa moshi. Hakuutoa papo hapo. Aliukumbatia, akafumba macho, akaanza kughani:

"Kwasiba alipokimbia, nywele zake zilikuwa ghala.
Mbwa walinusa nyayo, hawakunusa punje.
Kwasiba akampa Amba, Amba akampa Dowi,
Dowi akampa Sona.
Sona akapanda maporomoko, akatupatia sisi."

Sona alikuwa mama yake Akuba. Miaka hamsini, kila msimu wa kupanda, watu wa nyumba hii walikuwa wakilitaja jina la mama yake pamoja na la Kwasiba, naye hakujua. Akaketi chini palepale, mkono kinywani.

"Unaitwa nani, mwanangu?" Yaba akauliza.

"Lusi."

"Yaba akampa Lusi," akaghani, akauweka mganda juu ya viganja vile vyenye malengelenge. Lusi aliupokea kama aliyepewa mtoto mchanga.

Walipopanda mtumbwini, Yaba aliushika ukingo, hakuuachia.

"Mkivuna, mje tena. Na wewe Akuba, uje ungali hai."