Siku Harusi Ilipoingia Kwenye Mkonge

Nzuki alisoma kile kibao kipya mara mbili, jasho likamtoka. "Mzee Nzuki, mgeuza reli, miaka kumi na saba bila kosa hata moja." Haki ya Mungu! Bila kosa!

Stesheni ile ya makutano, hapo kati ya Ruiru na Thika, ilikuwa imefungwa miaka mingi, mbuzi wakilala ofisini kwa stesheni masta. Sasa mwalimu Njambi na wenzake walikuwa wameipaka rangi, wanaifungua iwe nyumba ya historia, na Nzuki, wa mwisho aliye hai kati ya wafanyakazi wake, ndiye angehutubia. Wajukuu walikuja kutoka Gatuanyaga wamevalia za kanisani. Raha iliyoje! Lakini mstari wa mbele, nani ameketi? Kantilal, mwenye duka la vitambaa mjini, na mkewe Dayaben.

Huyo Kantilal ndiye aliyekuwa bwana harusi.

Ilikuwa hivi. Enzi hizo njia moja ilikwenda Thika, nyingine ikachepuka kwenda kiwanda cha mkonge. Mgeuza reli haruhusiwi kugusa chuma cha kugeuzia njia kabla stesheni masta hajampa karatasi. Siku hiyo karani wa kiwandani alikuwa anaoa. Ikatokea treni ya kukodi kutoka Nairobi, maua kote, ngoma juu. Nzuki, kijana mjuaji, akajiambia hao ni wageni wa karani, karatasi ya nini? Akavuta chuma. Kumbe ilikuwa ya Kantilal, akienda kuoa Thika! Harusi yake ikaishia kwenye mkonge, na saa ya baraka aliyoichagua pandit, kuhani wao, ikapita. Mkubwa wake alipouliza, Nzuki alisema chuma kilikwama. Chuma kikabeba lawama, yeye akabaki na kazi.

"Guka, babu yetu, karibu utuambie," Njambi akamwita.

Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini aliona aibu kuwadanganya wajukuu mchana kweupe, na jina lake zuri liende liendako. Akamwaga yote. Mjukuu wake mkubwa akatazama viatu.

Dayaben akajikongoja hadi mbele. "Kumbe ni wewe!"

"Nisamehe, mama."

"Ngoja kwanza! Mimi nilikuwa Thika, nimejifungia chumbani. Huyu mtu sikuwa nimewahi kuongea naye, na sikumtaka. Saa ilipopita mama akalia, mimi nikafurahi! Jioni nachungulia dirishani, naona mwanaume na kilemba cha harusi, vumbi mpaka kwenye nyusi, viatu mkononi. Ametembea kwenye reli kutoka huko kwa mkonge, jamaa zake wameshindwa kumzuia. Nikafungua mlango mwenyewe."

"Viatu vilikuwa vinabana," Kantilal akasema.

Watu wakaangua kicheko. Dayaben akamshika Nzuki mikono yote miwili.

"Walisema ni chuma, lakini mimi nilijua kuna mtu. Miaka hamsini namwombea heri aliyeipotosha ile treni, na sikujua jina lake."

Nzuki akalia mbele ya wajukuu zake, na wala hakuona haya.